Miaka Sita ya Darasa Letu, 1961–1966

Desturi ya wanafunzi wanaomaliza masomo kukaa pamoja usiku wa mwisho na kuikumbuka miaka yao ya shule ni desturi ya kila mahali penye shule. Siku hizi hupambwa kwa majoho, picha na hotuba za wageni, na huitwa mahafali. Sisi tuliomaliza kidato cha sita mwaka 1966, katika shule moja ya bweni ya bara ambayo sina haja ya kuitaja jina, hatukuwa na majoho. Tulikuwa na sinia la karanga za kukaanga, birika la chai ambalo mpishi alitupa kwa hisani yake, na taa moja ya kandili nyuma ya bweni. Walakini tuliyafanya yale yale yafanywayo na wote: tuliwacheka viranja, tukaigiza sauti za walimu, tukayakumbuka maharage tuliyokula kwa miaka sita na kuyalaani kwa mara ya mwisho.

Nimeufikiri usiku ule mara nyingi, kwanza kama mtu aliyekuwapo, na baadaye kama mtu aliyejifunza kazi ya historia. Mwanahistoria aliyejificha gizani kutusikiliza angalistaajabu. Katika miaka sita ile nchi yetu ilikuwa imebadili bendera, katiba, jina, jeshi na fedha. Hapana hata mmoja wetu aliyelitaja lolote kati ya mambo hayo. Tuliutaja wizi wa maembe wa mwaka 1962, hatukuutaja Uhuru. Nilipokuwa kijana mwalimu wa historia niliona haya kwa ajili ya usiku ule, nikadhani tulikuwa wapumbavu. Sasa sidhani hivyo. Mwanafunzi huiona historia ikipita mbele yake kama abiria wa garimoshi anavyoiona miti. Anachokikumbuka ni ugumu wa benchi alilokalia. Kitu kinachonishughulisha ni kingine. Katika kumbukumbu zetu zote za usiku ule, za benchi na za miti, hatukumtaja mtu aliyetununulia tikiti.

Yafaa kwanza nieleze jinsi darasa lilivyopatikana. Katika mpango wa elimu uliowekwa na Waingereza, mtoto wa Kiafrika wa Tanganyika alisoma miaka minne ya shule ya msingi. Kisha, akibahatika, miaka minne ya shule ya kati. Kisha, akibahatika tena, sekondari. Neno hilo "akibahatika" ndilo lililobeba uzito wote. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, mwisho wa darasa la nane mtihani mwingine, mwisho wa darasa la kumi na mbili mtihani wa Cambridge, na kwa wale wachache waliofika kidato cha sita, mtihani wa Cambridge ulio juu ya ule. Watu husema kuwa mitihani huwekwa ili kupima mtoto anajua nini. Huenda ni kweli mahali pengine. Kwetu sisi mitihani iliwekwa kwa sababu nafasi zilikuwa haba, na ilibidi kipatikane kitu kisicho na uso cha kuwaambia walio wengi warudi nyumbani.

Mimi na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza hata la nne. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi, na nalisema hili bila unyenyekevu wowote, kwa kuwa nilikuwa nikinakili kwake. Mwaka 1956 tulifanya mtihani wa darasa la nne. Majina ya waliochaguliwa kwenda shule ya kati yaliposomwa, langu lilikuwamo na lake halikuwamo. Hatukuambiwa alama zetu, wala hakuna aliyefikiri kuuliza. Jioni ile baba mdogo alimpa jembe. Hakumpa kwa hasira. Alimpa kama mtu anavyopewa kitu chake kilichokuwa kikimngoja.

Hesabu za nchi nzima zaeleza zaidi kuliko kisa cha watoto wawili. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alionyesha kuwa wakati wa Uhuru watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi za Tanganyika, na wanafunzi 11,832 tu katika sekondari. Kati ya hao, waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Msomaji na aitazame tena hesabu hiyo ya mwisho. Watu 176 ni abiria wa mabasi matatu au manne; na hao ndio waliotarajiwa kutoa madaktari, wahandisi, mabwana shauri na walimu wa sekondari wa nchi ya watu milioni tisa na zaidi. Kufikia mwaka 1967 idadi ya wanafunzi wa sekondari ilikuwa imefika 25,000, na wa kidato cha sita 830. Basi darasa letu lilipita katika mlango uliokuwa ukipanuliwa wakati sisi tukiwa ndani yake, nasi tukadhani kuwa ni mabega yetu yaliyoupanua.

Tuliingia kidato cha kwanza, ambacho wazee wetu walizoea kukiita darasa la tisa, Januari 1961. Bendera iliyopandishwa asubuhi ilikuwa ya Uingereza. Ramani iliyokuwa ukutani ilikuwa na rangi nyekundu kila mahali Mwingereza alipotawala, na mwalimu wa jiografia, mzee mpole, alitutaka tuipake rangi hiyo katika madaftari yetu bila kuvuka mistari. Uhuru wenyewe, tarehe 9 Desemba 1961, ulitukuta likizoni. Tuliporudi mwezi wa Januari bendera ilikuwa nyingine, na ramani ilikuwa ile ile. Ilikaa pale mpaka mvua ilipoingia darasani, mwaka 1963, ikaiharibu.

Mwezi huo huo wa Januari 1962 ilianza kutumika sheria mpya ya elimu. Mpaka hapo nchi ilikuwa na shule za namna tatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na mfuko wake wa fedha. Sheria hiyo iliunda mpango mmoja. Katika miji mikubwa badiliko lilionekana upesi. Katika shule yetu ya bara lilifika polepole. Hata hivyo walimu walianza kuwa wa aina mpya. Waingereza walikuwa wakiondoka, na nafasi zao zilijazwa kwa sehemu na vijana wa Kimarekani waliokuja kwa mpango wa kupeleka walimu Afrika Mashariki ulioanza mwaka 1961. Mmoja wao alikaa juu ya meza wakati wa kufundisha. Kitendo hicho kilizungumzwa bwenini kwa juma zima, na nadhani kilitutia shaka juu ya enzi ya Wazungu kuliko hotuba nyingi za kisiasa.

Kuzungumza Kiswahili nje ya kipindi chake lilikuwa kosa la kuadhibiwa, nami niliadhibiwa kwa kosa hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, kazi ya mikono ya Nyerere mwenyewe, mchezo ambao baadhi yetu tulikuwa tukiusoma kwa Kiingereza. Hapo tulipata furaha isiyosemeka ya kumwuliza kiranja kama Rais wa Jamhuri naye angefagia uwanja.

Sasa nafika kwenye jambo la ada, ambalo kwangu ndilo kiini cha miaka ile.

Katika miaka mitatu ya kwanza wazazi walilipa. Ada haikuwa kubwa kwa kipimo cha mshahara wa karani, lakini kwa mkulima aliyeona fedha taslimu mara moja kwa mwaka ilikuwa mlima. Kwetu Usukuma, kusini ya ziwa, fedha hiyo ilikuwa fedha ya pamba. Pamba ilivunwa wakati wa kiangazi, ikapelekwa katika chama cha ushirika, ikapimwa, na mkulima akatoka na noti mkononi na stakabadhi. Vyama vile vilikuwa fahari ya wakulima wa kanda ya ziwa. Shirikisho lao, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika nzima. Baba alikuwa na shamba, lakini shamba moja halikutosha kwa watoto saba na ada. Kwa hiyo baraza la ukoo liliamua kwamba ndugu yangu, yule wa dawati moja, alime kipande kimoja zaidi, na pamba ya kipande hicho iwe ya ada yangu.

Hakuna aliyeniuliza, wala hakuna aliyemwuliza yeye. Kwa miaka mitatu, 1961, 1962 na 1963, nilisoma kwa pamba iliyolimwa na mtu aliyekuwa na akili kunishinda. Nilimjua. Nilijua alama ya mpini wa jembe katika kiganja chake. Nikirudi likizo nilikwenda kipande kile kung'oa magugu pamoja naye, na kama sikwenda mama hakusema neno, ila chakula changu kilichelewa. Wanafunzi wenzangu walikuwa na visa vyao: mmoja alisomeshwa na ng'ombe wa mahari ya dada yake, mwingine na kaka aliyekata mkonge katika mashamba ya Tanga, mwingine na hazina ya serikali ya wenyeji ya kwao kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963. Kila mmoja wetu alikuwa na mdai wake mwenye jina na sura, na kila likizo ilikuwa ni kwenda kuonana na mdai.

Mwaka 1964 ada za sekondari zilifutwa na Serikali. Ilikuwa ni moja ya hatua za haki kubwa kabisa zilizochukuliwa katika miaka ile, nami sitaki msomaji adhani kuwa nina neno la kuilaumu. Mtoto wa maskini alipata njia ambayo hakuwa nayo. Bwenini tulipiga meza kwa furaha mpaka taa ikaanguka. Ndugu yangu aliniandikia barua, kwa maana darasa lake la nne lilimtosha kuandika barua nzuri, akasema kuwa pamba ya mwaka huo atanunulia baiskeli. Akainunua kweli. Niliiona nilipokwenda likizo. Alikuwa ameifunga utepe mwekundu kwenye usukani.

Lakini jambo moja lilitupita. Ada ilifutwa, gharama haikufutwa. Walimu waliendelea kulipwa, maharage yaliendelea kununuliwa, waranti za safari ya garimoshi ziliendelea kutolewa. Fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika kodi na katika mazao yaliyouzwa nje: pamba, mkonge, kahawa. Basi mkulima yule yule aliyekuwa akinilipia mimi peke yangu, sasa alikuwa akilipia, kwa fungu dogo dogo asiloliona, wanafunzi wote wa sekondari wa nchi nzima. Deni lilihama kutoka kwa mtu tuliyemjua likaenda kwa watu tusiowajua, na deni la mtu usiyemjua ni jepesi mno kubeba. Likizo ya mwaka ule sikwenda kung'oa magugu, wala chakula changu hakikuchelewa.

Mwaka huo wa 1964 ulikuwa na mambo mengine yaliyotosha kumchanganya hata mtu mzima. Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi ya Unguja. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na kesho yake wale wa Tabora wakafuata. Walitaka mishahara mikubwa zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Wengi wetu tulikuwa njiani kurudi shule au tumekwisha fika, na kwa siku kadhaa hatukujua nchi inaongozwa na nani. Tarehe 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na tarehe 29 Oktoba nchi ikapewa jina la Tanzania, majuma machache kabla hatujaingia katika mtihani wa Cambridge wa kidato cha nne. Tuliufanya mtihani ule tukiwa raia wa nchi ambayo watunga maswali, walipokuwa wakiyatunga, hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Hayo ya askari nayataja kwa sababu yana uhusiano na yaliyofuata. Maasi yale yalizimwa kwa msaada wa askari wa Kiingereza, aibu ambayo viongozi hawakuisahau; jeshi lile likavunjwa, na jeshi jipya likajengwa kwa vijana wa chama na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1963 kwa watu wa kujitolea. Tangu hapo palikuwa na wasiwasi katika nchi juu ya watu wachache wenye nafasi wanaodai mshahara zaidi. Sisi, ambao tulikuwa tukiandaliwa kuwa watu hao wachache, hatukuuhisi.

Wachache wetu tulichaguliwa kuendelea kidato cha tano mwaka 1965. Wakati huo Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza Julai 1964, ulikuwa umekwisha tangazwa, na moja ya shabaha zake ilikuwa kwamba kufikia mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa watu wenye elimu ya juu. Shabaha hiyo ilikuwa njema, lakini iliposhuka mpaka bwenini iligeuka wimbo mwingine. Tulijua idadi ya nafasi zilizoachwa na Waingereza. Tulijua mishahara yake, kwa maana ngazi za mishahara zilikuwa bado zile zile zilizowekwa ili kumvuta mtu kutoka ng'ambo ya bahari. Tulizijua ngazi hizo kuliko tulivyozijua kanuni za Newton. Mwenzetu mmoja alikuwa na karatasi aliyoandika mshahara wake wa kila mwaka kuanzia 1970 mpaka 1985, pamoja na aina ya gari. Tulimcheka, kisha tukaiazima karatasi tuinakili.

Tusilaumiwe kupita kiasi. Tangu tulipokuwa na umri wa miaka kumi, tulikuwa tukiambiwa kila baada ya miaka michache kwamba tumechaguliwa kati ya wengi. Hapana aliyetueleza kuwa waliobaki walibaki kwa sababu ya uhaba wa madawati. Mtu aliyechekechwa mara tatu na kubaki juu ya chekecheke huanza kuamini kuwa yeye ni punje na wengine ni pumba, na imani hiyo haihitaji kufundishwa na mwalimu yeyote; yafundishwa na chekecheke lenyewe.

Desemba 1965, kwa sababu ya Rhodesia, ambako walowezi walijitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Juni 1966 ilitoka shilingi ya Tanzania. Basi tuliingia katika mwaka wetu wa mwisho tukiwa na fedha yetu mpya mfukoni, hatuna balozi London, na mtihani wetu bado watungwa na kusahihishwa Cambridge. Uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968, na baraza la mitihani lililo letu peke yetu halikuundwa mpaka mwaka 1973. Sikumbuki kuwa tulilijadili jambo hilo hata siku moja. Tulichohofu ni kuwa meli yenye karatasi za maswali itachelewa.

Kisha ukaja mwezi wa Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kuwa wote wanaomaliza Chuo Kikuu na kidato cha sita, na wenye mafunzo mengine ya juu, watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa sheria. Utumishi ungekuwa wa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki katika kazi ya mtu mwenyewe kwa 40 kwa mia ya mshahara wake. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichoanza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, waliandamana mpaka Ikulu kupinga. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililodai kuwa enzi ya ukoloni ilikuwa na nafuu. Rais aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akakasirika, na hasira ile imesimuliwa na wengi. Alisema kuwa wana haki katika jambo la mishahara, kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akaupunguza wake mwenyewe kwa 20 kwa mia hapo hapo. Na wanafunzi wapatao mia nne wakafukuzwa, wakapelekwa makwao. Wengi wao walirudishwa katika mwaka uliofuata.

Habari zilitufikia kwa redio, mwezi mmoja kabla ya mtihani. Nataka niseme kweli: sisi kidato cha sita, karibu sote, tulikuwa upande wa wanafunzi. Mimi nilikuwa upande wao. Tulikaa bwenini tukapiga hesabu ya 60 kwa mia tutakazozikosa, kila mtu kwa kazi aliyokwisha jipangia, na kila mtu alijiona kuwa ameibiwa. Tulizungumza juu ya haki. Tulitumia maneno mazuri tuliyoyapata katika somo la historia, ya kodi isiyo na uwakilishi. Katika mazungumzo yale ya siku tatu au nne hapana aliyekumbuka pamba, wala mkonge, wala ng'ombe wa mahari ya dada. Laiti mambo hayo yangetokea mwaka 1963, wakati wadai wetu bado walikuwa na majina, nadhani wengine wetu tungeinama chini.

Katika jambo hili nahitilafiana na waandishi wanaowaeleza wanafunzi wa 1966 kama watoto walioharibiwa na tamaa peke yake, na pia na wale wanaowasifu kama mashujaa waliothubutu kuikabili serikali. Tamaa ilikuwapo, na ujasiri ulikuwapo. Lakini mtu hawezi kulipa deni ambalo hajaonyeshwa hati yake. Serikali iliyofuta ada ilifanya haki, ikasahau kutuonyesha ni nani aliyeendelea kulipa. Miaka miwili baadaye ikatuita wadeni, nasi tukashangaa. Ni kama Mwalimu mwenyewe aliliona hilo, maana miezi mitano baada ya maandamano, na mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitoa Elimu ya Kujitegemea, na humo hakuwalaumu vijana hata kidogo kama alivyoulaumu mpango wenyewe wa shule: kwamba huwatenga watoto na watu wao, kwamba huwalea kwa ajili ya wachache watakaoendelea, kwamba humfanya kijana adhani elimu yote imo vitabuni na mzee wa kijijini hana la kumfundisha. Tuliposoma andiko hilo tulikuwa tumekwisha toka shule. Lilisomwa kwetu kambini, tumekaa chini, mikono ina malengelenge.

Mambo ya ada hayakuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1980, nchi ilipokuwa katika dhiki, ada ya sekondari ilirudishwa. Januari 2016 ikaondolewa tena hata kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Kila mara jambo hili limezungumzwa kama habari ya kulipa na kutolipa, na nimehudhuria mahafali kadhaa ya wajukuu nikasikia wazazi wakishukuriwa, walimu wakishukuriwa, na mgeni rasmi akishukuriwa mara mbili.

Nairudia Desemba ile ya 1966. Usiku wa karanga ulipokwisha tulitawanyika, kila mtu na waranti yake, nami nikafika nyumbani mvua zikiwa zimeanza. Ulikuwa wakati wa kupanda pamba. Siku ya pili nilimkuta ndugu yangu shambani, katika kipande kile kile, na baiskeli imeegemezwa kwenye mkwaju. Utepe ulikuwa umekwisha pauka. Alitaka kujua habari za sheria mpya, kwa kuwa aliisikia redioni na hakuifahamu vema. Nikamweleza. Nikamweleza kwa uchungu, maana nilikuwa bado na uchungu, jinsi tutakavyofanya kazi ya mshahara kamili tukapewa 40 kwa mia tu. Akaniuliza mshahara kamili ni kiasi gani. Nikamtajia ule niliokuwa nikiutumainia. Alisimama kidogo akihesabu, midomo ikichezacheza kama alivyokuwa akifanya zamani dawatini, na nikajua kuwa anaihesabu ile 40 kwa mia kwa magunia ya pamba. Ilimchukua muda mfupi tu. Hesabu hazikuwahi kumshinda. Alipomaliza hakusema ametoa jumla gani. Aliinua macho akanitazama, kisha akaniambia nishike ncha ya pili ya kamba, tunyoshe mstari kabla mvua haijarudi.